Magogo na mizizi ya kuokota kwenye tangi la samaki: kuchemsha peke yake kunatosha?

#1 Kijana wa Mbezi

Wakuu, habarini za jioni. Nina tangi la lita 200 la samaki wa mapambo mchanganyiko: neoni tetra, gapi, pleko mmoja, na konokono ambao walijileta wenyewe na majani. Nataka kuweka mti ndani, ule mwonekano wa mto. Nimepita maduka mawili hapa Dar, bei ya mzizi mmoja kutoka nje naweza kununulia tangi jingine. Nikajiuliza, nchi yenye mapori yote haya mimi niagize mzizi wa Malaysia?

Nimekusanya vipande vitatu:

a) mzizi uliopauka, nimeuokota ufukweni Kunduchi
b) tawi la mpera tulilolikata nyumbani hivi karibuni
c) kipande cha mbao nzito nilichopewa na fundi seremala, mwenyewe hajui ni mti gani

Video zote nilizotazama zinasema chemsha, tia, furahia. Kuchemsha peke yake kunatosha? Wenye uzoefu karibuni.

#2 Chura Mpole

Ukishachemsha huo mpera usimwage mchuzi, tia kitunguu na nyanya 😂. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 Mzee Filta

Mleta uzi, umegusa penyewe. Kuchemsha kazi yake ni kuua kilicho hai ndani ya mti: mayai ya konokono, viluwiluwi vya kereng'ende (hawa wanakula vifaranga vya samaki, usiwadharau), ruba, ukungu. Pia kunafukuza hewa ili mti uzame mapema, na kunatoa sehemu ya ile rangi ya chai. Kazi yake inaishia hapo. Kama mti wenyewe ni wa sumu, utapata sumu iliyochemshwa. Kama mbao ilipigwa dawa ya mchwa, maji ya moto hayaiondoi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha jiko kuna maswali mawili: huu ni mti gani, na umepitia wapi mpaka ukanifikia?

Nianze na (c) kwa sababu haina mjadala. Itoe. Mbao nyingi za ujenzi zimetiwa dawa kwa shinikizo, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ndio ule ukijani unaouona kwenye mbao za paa na nguzo. Dawa hiyo haikupakwa juu tu, imesukumwa ndani ya nyuzi, kwa hiyo hata ukipiga msasa hadi mkono ufe ganzi bado ipo. Shaba kidogo sana inatosha kumaliza konokono na kamba, na ikizidi inaunguza matamvua ya samaki. Wewe una konokono, hao ndio watatangulia.

(b) Mpera ni mti mzuri mno kwa kazi hii. Mgumu, una mikunjo ya kupendeza, na wafugaji wengi duniani wanautumia. Tatizo la tawi lako ni ubichi. Mti mbichi una utomvu na sukari. Ukitia majini bakteria wanapata karamu, wanazaliana kwa fujo, maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na wanavuta oksijeni yote. Asubuhi unakuta samaki wako juu wanatweta. Watu wanasema "mpera una sumu" kumbe samaki walikosa hewa.

Fanya hivi. Toa gome lote sasa hivi likiwa bichi maana linabanduka kirahisi; likikauka utalikwangua kwa machozi. Usipolitoa litakuja kuoza na kubanduka vipande vipande ndani ya tangi. Kisha weka tawi kivulini penye upepo, juu ya matofali, lisiguse ardhi (mchwa hawana adabu). Kila baada ya muda lipime kwenye mzani, hata wa muuza vitumbua. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Tawi la unene wa vidole viwili ni miezi michache. La unene wa paja linaweza kukaa mwaka.

(a) Mzizi wa ufukweni una faida na hasara. Faida: bahari imeshaufua, utomvu mwingi umekwisha. Hasara: chumvi, na hujui ulianza maisha yake wapi. Kwanza kwangua makombe yote yaliyonata, maana ni chokaa, yatakuwa yanapandisha ugumu wa maji polepole. Halafu loweka kwenye pipa la maji baridi, badilisha kila baada ya siku mbili tatu. Kujua kama chumvi imekwisha usionje, tumia kile kipimo cha kalamu cha TDS (kinaonyesha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) wanachotumia wauza maji ya kunywa. Pima maji ya bomba kabla ya kuloweka, pima tena kesho yake. Namba ikipanda sana, mwaga, rudia. Ikibaki karibu pale pale, chumvi imetoka. Mti mnene unaweza kukuweka wiki nyingi kwa sababu chumvi ya ndani inatoka taratibu.

#4 Bint Pwani

Assalaam aleykum. Mzee Filta kasema kweli, lakini kwa hiyo (a) naomba niongeze la watu wa pwani. Kaka, utazame vizuri huo mzizi: una tundu la msumari? Una alama ya shoka au randa? Una rangi kwenye mikunjo? Kama upo hata mmoja, si mzizi, ni taruma (mbao ya ubavuni) la mashua au ngalawa iliyovunjika.

Chombo cha baharini kinapakwa mambo mengi. Wazee walikuwa wakipaka mafuta ya sifa, yale ya maini ya papa, na chini ya chombo shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hayo ya kizamani angalau ni mafuta na chokaa. Siku hizi rangi za kuzuia makombe kunata chini ya boti nyingi zina shaba, shaba ile ile aliyoitaja Mzee. Rangi imewekwa makusudi iue vidudu vya majini, sasa wewe unaitia kwenye tangi la vidudu vya majini.

Tazama pia lami. Fukwe zetu huletewa na mawimbi madonge meusi ya mafuta ya meli. Yakishika mti hayatoki, mti huo utupe.

#5 Kijana wa Mbezi

Dada Bint Pwani shikamoo kwa elimu. Nimeutazama, hauna tundu wala rangi, ni mzizi kweli, hata udongo bado umo kwenye pembe. Lakini nahisi ni mkoko. Kuna shida?

#6 Bint Pwani

Marahaba, ingawa sijawa mtu mzima kiasi hicho.

Mkoko kwa samaki hauna ubaya, una tanini nyingi tu, ile inayotia maji rangi ya chai. Mkandaa, mmoja wa mikoko, gome lake lilikuwa likitumika kutengenezea ngozi. Maji yatakuwa mekundu kwa muda mrefu. Shida ya mkoko ni sheria. Mikoko Tanzania ni misitu ya hifadhi, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Sheria ya Misitu ya 2002 haikuruhusu kuingia na panga ukatoke na mzizi. Hata uliokauka uliosimama mle ndani ya msitu usiuguse bila kuuliza ofisi yao. Kenya nako vivyo hivyo, mikoko iko chini ya KFS, shirika lao la misitu. Kipande kimoja kilichotupwa na maji ufukweni sidhani kama mtu atakufuata nacho, ila usije ukafanya ndiyo biashara ukaanza kuagiza magunia.

#7 Seremala Keko

Mimi ndiye upande wa (c), si fundi aliyempa mleta uzi lakini kazi ni moja. Hapa karakana nyingi mabaki yanachanganyikana. Unaweza kuokota kipande cha mkongo, cha mninga na cha mbao ya dawa kwenye rundo moja, vyote vina vumbi moja. Na kuna kitu Mzee Filta hajakitaja: oili chafu. Watu wanapaka oili iliyotoka kwenye injini kwenye nguzo na mbao za paa kuzuia mchwa. Ikishanyonywa na kukauka huioni, inakuwa kama rangi ya mti tu. Ukitaka kuigundua mwagia maji ya moto, utaona utando wa upinde wa mvua unaelea juu.

Swali langu: mpingo vipi? Ule unazama wenyewe bila kufungwa jiwe. Pale Mwenge kwa wachongaji mabaki yapo.

#8 Mzee Filta

Fundi, ahsante kwa oili chafu, hiyo nimeiacha kweli na ni ya kwetu kabisa, kwenye video za nje hutaikuta.

Mpingo unazama kwa sababu ni mzito kuliko maji. Lakini mimi siupendekezi. Moyo wake una mafuta na viasili vingi, vumbi lake linawasha ngozi na pua za wachongaji, na hakuna anayekuhakikishia vinavyotoka humo vikikaa majini miaka. Halafu kuna vinyago: nusu ya "mpingo" unaouzwa kwa watalii ni mti mweupe uliopigwa rangi ya viatu. Ukiweka kwenye tangi, samaki watakuwa wanaogelea ndani ya kiwi. Pia kama una ndoto ya kuuza nje, miti yote ya jamii ya mpingo iko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu Januari 2017, inahitaji vibali.

#9 Nyar Kisumu

Wadau, salaam kutoka Kisumu. Huku kwetu ufuo wa Dunga na kwingineko ziwa linatema mbao na mizizi kila siku, bure, haina chumvi. Nimesoma yote lakini kuna jambo la mtu mwenyewe, si la samaki, ambalo sijaliona hapa: kichocho.

Konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye majani na miti ya ukingoni, ile ile tunayookota. Konokono akishaambukizwa anaendelea kutoa vijidudu majini kwa wiki nyingi, na vijidudu hivyo vinatoboa ngozi. Hebu fikiria unavyosafisha tangi: mkono umezama hadi kwenye kiwiko, nusu saa. Watu wanaogopa kuogelea ziwani halafu wanaleta ziwa sebuleni.

Mti uliotoka ziwani, mtoni au bwawani beba na glavu, usiuloweke kwenye karai la kuogea watoto, na huu lazima upate moto. Kukausha juani peke yake si dhamana. Kuna konokono wanaojifungia ndani ya ganda wakati wa kiangazi, wanangoja mvua.

Swali: nikitumia JIK badala ya kuchemsha? Gesi imepanda.

#10 Mzee Filta

Nyar Kisumu, comment ya uzi mzima hii. Mods kama mnaweza ibandikeni juu.

JIK kwenye mti hapana. Kwenye kioo au jiwe gumu unapaka, unasuuza, imeisha. Mti una vitundu, unainywa, halafu unaitapika polepole ndani ya tangi. Wapo wanaoitumia kisha wanaloweka na sodiamu thaiosalfeti, ile dawa ya kuondoa klorini, na inawezekana. Mimi kwa mtu anayeanza simshauri. Na usithubutu kuichanganya na siki au sabuni nyingine ya choo ukidhani unaongeza nguvu. Inatoa gesi ya klorini, itakukuta jikoni mlango umefungwa.

Gesi ikiwa ghali tumia kuni, nje. Sufuria la shughuli, lile la pilau, maji yafunike mti, yachemke saa moja mpaka mbili, mwaga, rudia mpaka maji yaanze kupauka. Mzizi mrefu usioenea chemsha upande mmoja kisha geuza, hakikisha katikati pamepata moto. Pipa pia linafaa, ila ujue lilibeba nini kabla. Pipa la dawa za shamba halisafishiki. Sufuria usilolipenda ndilo litumie, usirudishe kwenye mchuzi kama mti huujui. Ukitoa gogo lishike na kitambaa kinene, ndani linabaki na moto muda mrefu baada ya juu kupoa. Pressure cooker usijaribu, kipande cha gome kikiziba tundu la mvuke una bomu. Na oveni nayo hapana, mti mkavu kwenye oveni ni kuni.

Usichemshe siku nzima ukidhani ndio usafi zaidi. Moto mwingi unalegeza nyuzi, mti utaoza mapema.

#11 Mchina wa Tabata

Naomba orodha ya miti ya kuogopa. Mimi hapa nina mwarobaini, mwembe, mkorosho shambani Mkuranga, na uzio wa mnyaa.

#12 Mzee Filta

Umetaja yote ambayo ningeanza nayo 😄

Mnyaa kwanza. Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unakwenda hospitali, na kuna mahali wamewahi kuutumia kulewesha samaki. Usifikirie hata ukikauka. Ndugu yake kwa kazi hiyo ni utupa. Vijana wa mjini hawaujui, lakini wazee wengi hapa wanaukumbuka: majani yanatwangwa, yanatiwa kwenye kidimbwi, baada ya muda samaki wanaelea. Ndani yake mna rotenoni, inazuia mwili wa samaki usitumie oksijeni hata kama maji yamejaa hewa. (Na kuvua hivyo ni kosa kisheria, msije mkasema nimewafundisha.) Fimbo yoyote ya utupa isikaribie tangi.

Mwarobaini: dawa ya wadudu shambani, na kamba pamoja na vidudu vingi vya majini ni binamu wa wadudu. Acha.

Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, utomvu wao unawasha ngozi, na mafuta ya ganda la korosho mnayajua yanavyobabua. Wapo wanaotumia mwembe mkavu kabisa bila kisa. Mimi siwezi kumshauri mtu wakati mpera upo.

Miti yenye ulimbo na harufu kali: msonobari, mtarakwa, mkafuri, mkaratusi. Sheria yangu ni ya pua. Kata kidogo, kwaruza kwa kisu, nusa. Kikinukia kama dawa ya kikohozi au kabati la bibi, kirudishe. Mafuta kama hayo huusaidia mti kujikinga na wadudu, sasa fikiria matamvua ya neoni mwenye urefu wa kucha.

Jaribio la pili ni la kucha au ncha ya kisu. Ikizama kwenye mti kama kwenye boga, mti umeoza, utayeyuka tangini.

#13 Bint Pwani

Na badala ya kuogopa miti, tumieni mkungu! Majani ya mkungu makavu, yaliyoanguka yenyewe yakiwa mekundu au kahawia, watu wa Ulaya wanayanunua kwa pakiti kwa ajili ya samaki aina ya beta na kamba. Sisi tunayafagia na kuyachoma asubuhi. Okota yasiyo karibu na barabara wala mahali panapopulizwa dawa, osha vumbi, kama unataka yazame haraka chemsha dakika chache. Jani moja kubwa kwa lita 40 hadi 50 linatosha kuanzia. Yakianza kuwa wavu toa, weka mengine. Vikoni vya mvinje navyo wanatumia.

Mimi Unguja hapa nafuga wale samaki wadogo wa madimbwi ya mvua, *Nothobranchius guentheri*, ambao asili yao ni kisiwa hiki hiki. Wanapendeza mno kwenye maji ya kahawia, rangi zinawaka.

#14 Mtanganyika

Niko Kigoma. Msidanganyane jamani, samaki wa Ziwa Tanganyika hawataki miti. Maji ya ziwa pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imeongezeka) inakaribia 9. Tanini inashusha pH, mtaua samaki. Mawe na makombe ya konokono, basi.

#15 Mzee Filta

Mkuu nakubali nusu. Kwa mwonekano na asili yao, mawe ndiyo kwao, na wale wanaoishi ndani ya makombe huwezi kuwapa mzizi wakakushukuru. Lakini "mtaua samaki" ni kutisha watu. Tanini ni asidi dhaifu. Kama maji yako yana kabonati nyingi, kama ya ziwa lako, asidi hiyo inamezwa na pH haisogei. Utapata rangi tu.

Anayetakiwa kuwa macho ni mwenye maji laini, mfano maji ya bomba ya Nairobi ambayo yanatoka mabwawa ya milimani. Huko kabonati ni chache, hakuna cha kumeza asidi, pH inaweza kushuka bila kusimama. Visima vya Dar vya karibu na bahari vina chumvi na ugumu wake, huko hutaona mabadiliko makubwa. Kwa hiyo usipime pH peke yake, pima na kabonati, KH.

Kuna samaki wanaotaka hivyo hasa. Neoni wa mleta uzi asili yao ni mito ya Amazoni. Tetra wa Kongo naye, jirani yetu, bonde lake lina maji ya rangi ya chai tele, Ziwa Tumba likiwa mfano. Kwa hao maji ya kahawia ndiyo nyumbani. Gapi wa mleta uzi wanapenda maji magumu kidogo, lakini mzizi mmoja hautawaondoa duniani.

#16 Mtanganyika

Sawa, hapo kwenye kabonati umenishika. Lakini mawe bado ni mazuri zaidi.

#17 Mzee Filta

Hilo sikatai. Ila mawe usiyaweke motoni kama mti. Jiwe lenye maji ndani likipata moto mkali linapasuka kama risasi. Brashi na maji ya moto ya kumwagia, inatosha.

#18 Kijana wa Mbezi

Wakuu mrejesho. Mbao (c) niliitupa. Mpera bado uko juu ya matofali unakauka, mama anauliza ni dawa ya nini. Mzizi wa Kunduchi nimeloweka, kalamu ya TDS nimeazima kwa jamaa wa maji, nimebadilisha mpaka namba ikatulia, nikachemsha, nikaweka tangini. Sasa mambo mawili yamenishtua:

1. Maji ni chai ya rangi. Mkaa wa kupikia nikiuosha nikauweka kwenye filta utasaidia?
2. Mzizi umeota kitu cheupe kama makamasi. Kinatisha. Samaki wanakula lakini mke anasema tangi linaumwa.

#19 Mzee Filta

Mwambie shemeji atulie.

Kile cheupe ni ukungu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti. Karibu kila mti mpya hupitia hapo. Hakina madhara kwa samaki, pleko na konokono wako watakiramba. Kikikukera toa mzizi, sugua kwa brashi chini ya bomba, rudisha. Hupotea chenyewe baada ya wiki chache. Ongeza hewa tu kipindi hiki, hasa usiku. Cha kukuogopesha ni harufu ya mayai viza, au mti kulainika na kuwa mweusi ukibonyeza. Hapo unatoka siku hiyo hiyo, usisubiri ushauri wa jukwaa.

Mkaa wa kupikia haufai. Ule wa filta umetengenezwa kwa namna ya kufungua vitundu vidogo mno visivyohesabika, ndivyo vinavyonasa rangi. Wa kupikia hauna hivyo kwa kiasi cha maana, na una majivu yanayopandisha pH. Nunua mkaa wa filta, ubadilishe ukichoka. Ama badilisha robo ya maji kila wiki, rangi itafifia yenyewe. Maji ya bomba ukiyaacha ndoo wazi siku nzima klorini inaondoka, lakini kama mamlaka ya maji inatumia kloramini, hiyo haiondoki kwa kungoja, tumia dawa. Na mti ukiacha rangi kidogo, wazoee. Neoni wamezoea kabla yako.

#20 Chura Mpole

Yaani mtu ananunua filta ya laki asafishe maji yawe kama kioo, halafu anatafuta mzizi uyarudishe kuwa ya Mto Msimbazi. Binadamu bwana.

#21 Nyar Kisumu

😂😂 Chura wewe!

Kijana wa Mbezi, umeuweka vipi huo mzizi? Hakikisha haujakaza kati ya kioo na kioo. Mti ukinywa maji unavimba. Acha nafasi ya kidole kila upande. Na vichomo vikali piga msasa kabla, samaki wakishtuka usiku wanakimbilia humo humo wanachanika. Tundu linaloingiza kichwa cha samaki bila kumpitisha mwili, ama lipanue ama lizibe.

#22 Kijana wa Mbezi

Ahsante dada. Umenikumbusha, haujakaza lakini unaelea! Nimeukandamiza na jiwe, pleko akiusukuma kidogo unapanda juu kama mtumbwi. Kuloweka kote kule bado?

#23 Seremala Keko

Hapo ni kwangu sasa. Mizizi mingine inachukua miezi kuzama, usingoje. Chukua kigae cha sakafu au kipande cha jiwe bapa. Toboa tundu mbili kwenye kigae kwa keekee ya vigae, taratibu, ukimwagia maji. Mzizi utoe, upindue, toboa tundu nyembamba kuliko skrubu ili usipasuke. Piga skrubu kutoka chini ya kigae kwenda kwenye mti. Skrubu ziwe za stenlesi. Ukitumia ya kawaida itashika kutu, na waya wa shaba usiufunge kabisa, tumeshaongea habari ya shaba hapo juu. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya kigae visikwaruze kioo cha chini. Rudisha, funika kigae kwa changarawe, hakitaonekana.

Kama huna keekee ya vigae, funga kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni. Hauozi. Kata ncha zote fupi maana pleko ananasa.

#24 Mchina wa Tabata

Fundi, gundi je? Ile superglue?

#25 Seremala Keko

Inashika majani na mwani kwenye mti vizuri, ikishakauka haina shida na samaki. Kushikilia gogo linalotaka kuelea hapana, itaachia. Na usipake silikoni ya bafuni, nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu. Tumia ile inayounganishia matangi.

#26 Kijana wa Mbezi

Kigae kipo, kilibaki tulipojenga choo. Jumamosi natoboa. Mpera ukikauka nitarudi na swali la majani gani yanashika kwenye mti.